Chemsha Bongo, Ludo na Bao Kwenye Skrini: Dalili za Hitilafu na Namna ya Kupata Chanzo Chake

Banda la gemu ninaloliendesha liko Kirumba, Mwanza, jirani na barabara inayoteremka kuelekea Mwaloni, na kwa siku sita za juma wateja wake hawataki kitu kingine zaidi ya mpira. Jumapili jioni ndipo TV kubwa huachiwa michezo ya mezani na ya chemsha bongo: maswali ya vibonyezo, ludo, Monopoly, drafti, na bao pale tunapopata programu inayoliheshimu. Hizo ndizo saa zenye malalamiko mengi kuliko juma zima. Gemu ya mpira ikikwama, mteja hudai arudishiwe dakika zake. Chemsha bongo ikikwama, mteja huamini kwamba ameonewa, na aliyemwonea ni mimi.

Kabla ya kushika bisibisi, ni lazima ujue kama kasoro imo kwenye vifaa, au imo ndani ya mchezo, au imo katika tofauti kati ya kanuni za mchezo huo na kanuni tulizozizoea kijiweni. Malalamiko mengi ninayoletewa ni ya aina hii ya mwisho, na hakuna fundi anayeweza kuyatibu kwa kubadilisha waya. Njia ya kutenganisha ni rahisi na haichukui dakika tano: weka gemu nyingine kwenye mashine ile ile, kwa TV ile ile na padi zile zile. Kasoro ikibaki, chunguza vifaa. Ikitoweka, acha vifaa vipumzike na usome kanuni za mchezo uliolalamikiwa.

Vibonyezo havisikii

Seti za Buzz!, zilizoanza mwaka 2005 na Buzz!: The Music Quiz ya PlayStation 2, bado zinaonekana kwenye mabanda kwa sababu ni imara na hupatikana mitumba. Kila kibonyezo kina kitufe kikubwa chekundu juu, na chini yake vidogo vinne vya rangi ya buluu, chungwa, kijani na njano. Nyaya za vibonyezo vyote vinne hukutana kwenye plagi moja ya USB. Mkutano huo wa nyaya ndio utakaokuongoza. Vibonyezo vyote vinne vikifa kwa pamoja, usifungue hata kimoja, kwa maana tatizo liko kwenye plagi, kwenye tundu la USB, au kwenye mashine yenyewe. Kikifa kimoja peke yake, waya wake umekatika, na mara nyingi umekatika pale unapoingilia kwenye mpini, kwa kuwa watoto hukizungusha kibonyezo kama kombeo wakisubiri zamu. Kikifa kitufe kimoja cha rangi huku vingine vikifanya kazi, fungua mpini, kwani utakuta soda imekauka chini ya mpira wa kitufe hicho, nayo huondoka kwa pamba na spiriti.

Ukitaka uhakika kabla ya kufungua, chomeka plagi hiyo kwenye kompyuta ya Windows. Seti nzima huonekana kama padi moja yenye vitufe 20, yaani vitano kwa kila kibonyezo, na kwenye dirisha la kupima padi kila kitufe unachobonyeza huwaka. Kisichowaka ndicho kibovu. Seti ya waya iliyotengenezwa kwa PlayStation 2 hufanya kazi pia kwenye PlayStation 3, lakini usinunue seti ya namna hii kwa ajili ya PlayStation 4, kwa sababu hakuna Buzz! iliyotolewa kwa mashine hiyo.

Seti zisizo na waya zina maradhi yake. Vibonyezo vya Scene It? Lights, Camera, Action, mchezo wa maswali ya filamu uliotoka mwaka 2007 kwa Xbox 360, hutumia mwanga usioonekana kama wa rimoti ya TV, kwa hiyo ni lazima kibonyezo kikione kipokezi kilichowekwa karibu na TV. Nilipata kuteswa na seti hiyo wiki tatu. Saa nane mchana ilifanya kazi vizuri kabisa. Ikifika saa kumi na moja ilikuwa kama imekatiwa umeme. Nilibadilisha betri mara mbili kabla ya kugundua kwamba jua linapoelekea kuzama upande wa ziwa huingia kupitia dirisha la mbele na kukipiga kipokezi usoni, na mwanga wa jua una aina ile ile ya mnururisho ambayo kipokezi kinautafuta. Kipande cha boksi kilichokatwa kikawekwa kama kofia juu ya kipokezi kilimaliza tatizo. Kwa hiyo, kibonyezo cha mwanga kikigoma, kwanza tazama kama kuna mtu aliyesimama mbele ya TV, kisha tazama jua, na betri ziwe za mwisho.

“Mimi ndiye niliyebonyeza kwanza”

Hili ndilo lalamiko lenye kelele kuliko yote, na watu wengi hukimbilia kuilaumu TV. TV za kisasa kweli huchelewesha picha, kwa sababu huisafisha na kuilainisha kabla ya kuionyesha, wakati TV ya chogo iliionyesha karibu papo hapo. Hata hivyo, wachezaji wanne wanaotazama TV moja wanacheleweshewa picha kwa kiasi kile kile, na anayeamua nani amebonyeza mapema ni mashine, wala si TV. Ucheleweshaji wa picha hauwezi kubadilisha mpangilio wa washindani hao. Unachoweza kufanya ni kuwaumiza wote kwa pamoja katika raundi zinazotaka kubonyeza wakati kishale kinapopita mahali fulani, au kufupisha muda wa kufikiri pale saa ya mchezo inapokuwa imeshaanza kuhesabu.

Ukitaka kuupima ucheleweshaji huo, tumia simu yenye kamera ya mwendo wa polepole inayopiga picha 240 kwa sekunde. Irekodi mkono ukibonyeza na skrini ikiitikia katika fremu moja, kisha hesabu picha zilizopita kati ya matukio hayo mawili. Kila picha ni takribani milisekunde 4. Kwenye TV yangu ya ukutani nilihesabu picha 38, yaani milisekunde 158 hivi. Nilipoingia kwenye menyu ya picha na kuchagua hali iliyoandikwa Game, zikashuka hadi 17, yaani kama milisekunde 71. Sehemu ya muda uliobaki ni ya mchezo wenyewe na haiondoleki kwa rimoti.

Mpangilio wa washindani huharibika pale wanapotumia vifaa visivyolingana. Mmoja anapokuwa na padi ya waya na mwingine padi isiyo na waya yenye chaji ndogo, au kila mmoja anapojibu kwa simu yake na simu moja iko kwenye mtandao dhaifu, aliyebonyeza kwanza anaweza kweli kuhesabiwa wa pili. Dawa yake ni usawa: wote waya, au wote bila waya, na kwa simu, wote kwenye Wi-Fi moja. Michezo ya kutambua nyimbo isichezwe kwa spika ya Bluetooth, kwani sauti hufika baada ya picha na saa ya mchezo haisubiri. Aliyekaa kiti cha nyuma hana sababu ya kulalamika kwamba sauti inamchelewa. Mita sita za chumba changu sauti huzivuka kwa milisekunde 18 hivi.

Simu hazimo mchezoni

Kuna aina mbili za michezo inayotumia simu badala ya padi, na anayezichanganya hupoteza jioni nzima. Aina ya kwanza ni kama ile iliyotolewa kwa PlayStation 4 kwa jina la PlayLink, kwa mfano That's You! na Knowledge is Power za mwaka 2017. Hapa simu na mashine lazima ziwe kwenye mtandao mmoja wa ndani, na programu ya mchezo lazima iwe imeshapakuliwa kwenye simu. Aina ya pili ni kama ya Jackbox Party Pack, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014: mashine hufungua chumba kwenye seva, skrini huonyesha herufi nne, na kila mchezaji huziandika kwenye kivinjari cha simu yake. Hapa simu haihitaji kuwa kwenye mtandao wa banda, na mteja anaweza kutumia bando lake mwenyewe, lakini mashine isipokuwa na intaneti, chumba hakifunguki kabisa.

Katika aina ya kwanza, kosa linalojirudia ni hili. Ruta ya banda haina intaneti kwa wakati huo. Simu ya mteja inaunganishwa nayo, inagundua kwamba hakuna intaneti, na kimyakimya inarudi kwenye data yake. Kwenye skrini ya simu alama ya Wi-Fi inaweza bado kuonekana, na mwenye simu ataapa kwamba yuko kwenye mtandao wako. Mwambie azime data, na simu yake itatokea mchezoni. Ikiwa bado haitokei, ingia kwenye mipangilio ya ruta na utafute kipengele kinachozuia vifaa vilivyounganishwa visionane. Ruta zilizowahi kutumika hotelini au ofisini mara nyingi huwa zimewashiwa kizuizi hicho.

Katika aina ya pili, mteja akitupwa nje katikati ya mchezo, asianze upya kwa jina jipya. Afungue kivinjari kile kile, aandike herufi zile zile nne na jina lile lile, naye atarudishwa kwenye nafasi yake.

Ikiwa programu inafunguka vizuri lakini inazunguka milele ikitafuta seva, na michezo mingine ya mtandaoni inafanya kazi, inawezekana seva haipo tena duniani. QuizUp, iliyoanza mwaka 2013 na kupata mamilioni ya wachezaji, ilifungwa mwaka 2021, na nakala iliyobaki kwenye simu ya mtu ni ganda tupu. Vivyo hivyo, mafurushi ya maswali ya ziada ya PlayStation hayatajitokeza endapo diski ni ya eneo moja la mauzo na akaunti iliyoyanunua ni ya eneo jingine, jambo la kawaida kwetu ambako diski moja hutoka Ulaya na nyingine hutoka Marekani.

Swali limerudi, au jibu sahihi limehesabiwa kosa

Mteja akisema maswali yanajirudia, muulize yanajirudia kwa kiasi gani. Mchezo wenye maswali 1,000, ukiyachagua kwa kubahatisha bila kukumbuka yaliyopita, utakuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kurudia swali angalau moja ukifika swali la 38 tu. Ukicheza maswali 100 katika jioni moja, tegemea marudio kama matano. Hiyo si hitilafu, ni hesabu. Ikiwa marudio ni mengi kuliko hapo, angalia kama mchezo unapata mahali pa kuhifadhi kumbukumbu zake. Mashine isiyo na kadi ya kumbukumbu, au simu iliyojaa picha za harusi, huanza kila jioni kama mtoto mchanga.

Jibu sahihi kuhesabiwa kosa kuna visababishi visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni umri wa maswali. Diski iliyotengenezwa mwaka 2005 inasema mfumo wa jua una sayari tisa, kwa sababu Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006. Itakuambia nchi kubwa kuliko zote Afrika ni Sudan, ingawa tangu Sudan Kusini ijitenge mwaka 2011 nafasi hiyo ni ya Algeria. Na haijawahi kusikia jina la Eswatini, lililotangazwa mwaka 2018. Diski haisasishiki. Mimi nimeandika mwaka wa kutengenezwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila kasha, na kabla ya kuanza husoma kwa sauti: “Leo tuko mwaka 2005.” Ugomvi umepungua sana, na vijana wameanza kufurahia kukumbuka dunia ilivyokuwa.

Cha pili ni lugha. Katika michezo inayotaka jibu liandikwe, anayeandika Uswisi au Ugiriki atakosa hata kama anajua jiografia kuliko aliyeitunga, na simu yenye kusahihisha maneno kwa Kiingereza humbadilishia hata lile aliloliandika vizuri. Zima usahihishaji huo kabla ya raundi.

Cha tatu ni swali lenyewe kuwa bovu, na hapa nakiri kosa langu. Nilipochoka na maswali ya filamu ambazo hakuna aliyeziona, nilianza kutunga ya kwetu kwa Kahoot!, ambayo humruhusu mtu yeyote kuandika maswali kwa lugha yake. Nikauliza: “Ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi?” Nilikuwa na uhakika kwamba nimewapa zawadi watu wa Mwanza. Mwalimu mmoja wa sekondari akachagua Tanganyika, akakosa, na akasimama. “Ndugu yangu,” akaniambia kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, “umeuliza ukubwa wa nini?” Alikuwa na haki. Kwa eneo la uso wa maji, Victoria lenye kilomita za mraba takribani 68,800 halina mpinzani Afrika. Kwa wingi wa maji yaliyomo, Tanganyika linaliacha mbali sana, kwa kuwa Victoria ni ziwa la kina kifupi. Tangu siku hiyo kila swali langu linalotumia neno kubwa, refu au kongwe lina kipimo chake ndani yake.

Mashine inajizima katikati ya mchezo mrefu

Monopoly ya watu wanne huweza kuchukua saa tatu, na mashine yenye feni chafu haifiki huko. Ikijizima baada ya muda unaolingana kila mara, na ikikubali kuwaka tu baada ya kupumzika, hilo ni joto. Kwa sisi wa kandokando ya ziwa, chanzo kisichoandikwa kwenye vitabu vya maelekezo ni wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi na kufuata taa usiku. Feni huwavuta, wanakauka na kushikana na vumbi hadi matundu ya hewa yanaziba kama kichujio cha chai. Safisha kwa brashi laini kila baada ya msimu wao, na usiku huo zima taa iliyo karibu na mashine.

Umeme ukikatika wakati mchezo unahifadhi, kumbukumbu zinaweza kuharibika na mchezo ukakataa kufunguka. Kwa PlayStation 4, izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7; unganisha padi kwa waya wa USB, na uchague kujenga upya hifadhidata. Kazi hiyo haifuti michezo.

“Ludo inaiba”

Mzee mmoja mvuvi, ambaye hutufikia akitoka kuuza dagaa, alikaa Jumapili moja kete zake zote nne zikiwa nyumbani huku wenzake wakizunguka ubao. Baada ya kutupa mara kumi na moja bila sita, aliiweka simu mezani. “Ng'wanawane,” akasema, “dadu hii ina jina langu.” Nikamwambia, “Mzee wangu, tuihesabu.”

Uwezekano wa mchezaji mmoja kutupa dadu halali mara kumi bila kupata sita ni kama asilimia 16. Hiyo inaonekana ndogo. Lakini wachezaji wakiwa wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja wao atakumbwa na mkosi huo katika mitupo yake kumi ya kwanza ni takribani asilimia 51. Kwa maneno mengine, katika nusu ya michezo ya watu wanne kuna mtu atakayeamini kwamba ameibiwa, na dadu haina kosa lolote. Mwenye dadu ya mfupa mkononi humlaumu Mungu au mkono wake. Mwenye dadu ya skrini humlaumu aliyeitengeneza.

Tulitupa mara 120, mzee akichora vijiti kwenye daftari la mauzo yake. Kwa mitupo 120 kila upande hutarajiwa kutokea mara 20, na chochote kati ya 12 na 28 si cha kushangaza. Sita ilitokea mara 17, tatu ikatokea mara 26. Mzee aliyatazama yale mafungu ya vijiti kwa muda mrefu, akasema kwamba anaikubali hesabu ila haipendi.

Dadu ya skrini inaweza kuwa na kasoro ya kweli, na dalili yake haifanani na hiyo. Funga programu kabisa, ifungue, andika mitupo kumi ya kwanza. Rudia mara tatu. Orodha zote tatu zikifanana, programu inaanza kubahatisha kutoka sehemu ile ile kila mara, na haifai kwa mchezo wa ushindani. Kabla ya hapo, hakikisha mmekubaliana juu ya kanuni: katika programu nyingi sita tatu mfululizo humpotezea mchezaji zamu, na asiyejua huona kwamba amenyang'anywa.

Monopoly inakataa kujenga, na inauza kiwanja changu

Haya mawili si hitilafu. Kanuni zilizochapwa zinasema kwamba mchezaji asiyenunua kiwanja alichokanyaga, benki hukipiga mnada hapo hapo, na wote hushiriki, hata yeye aliyekikataa. Walioucheza nyumbani bila mnada hushtuka skrini inapoanza kupandisha bei. Kuhusu ujenzi, benki ina nyumba 32 na hoteli 12 tu. Wachezaji wakizishikilia nyumba zote bila kuzipandisha kuwa hoteli, hakuna atakayejenga, na wajanja hufanya hivyo makusudi. Sababu nyingine ni kwamba ujenzi lazima ulingane: huwezi kuweka nyumba ya pili kwenye kiwanja kimoja kabla ya viwanja vingine vya rangi hiyo kupata ya kwanza. Na pesa zisipolundikana kwenye eneo la maegesho ya bure, tambua kwamba hazikuwahi kulundikana hapo kwa kanuni. Ni desturi ya majumbani, na baadhi ya matoleo hukuruhusu kuiwasha kwenye mipangilio.

Scrabble haitambui Kiswahili

Wengine huingiza maneno ya Kiswahili, yanakataliwa, wanaondoa programu. Kuongeza kamusi pekee hakusaidii sana, kwa sababu herufi zenyewe zimegawanywa kwa Kiingereza. Kati ya vipande 100 kuna E 12, A 9, na K moja tu yenye alama 5. Mtu anayetaka kuandika kiti, au neno jingine lolote linaloanza na ki-, atasubiri K moja hiyo hiyo pamoja na wenzake watatu. Tafuta programu inayokuruhusu kubadilisha idadi ya herufi na alama zake. Vinginevyo cheza kwa Kiingereza na usilaumu simu.

Drafti na bao si zile tunazozijua

Kwenye drafti, dalili ni mbili: kingi hatembei zaidi ya hatua moja, na kete ya kawaida inakatazwa kula kwa kurudi nyuma. Programu imefunguliwa kwa kanuni za Kiingereza. Tafuta menyu ya kanuni na uchague za Kirusi, ambazo zina ubao wa miraba 64, kete 12 kwa kila upande, na kingi anayeruka mbali kama anavyoruka kwenye kijiwe chetu. Za kimataifa zina miraba 100 na kete 20, nazo zitamchanganya mgeni. Ikiwa lalamiko ni kwamba kompyuta haishindiki, hilo nalo lina maelezo: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba drafti ya Kiingereza ikichezwa bila kosa na pande zote mbili huishia sare. Punguza kiwango.

Bao linahitaji subira zaidi. Anayeandika Mancala kwenye duka la programu hupewa Kalah, mchezo wa safu mbili za mashimo sita na ghala mbili pembeni, ambao ni wa Marekani ya karne ya 20. Bao letu lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Ukihesabu safu tu utajua kama umepewa ulichoomba. Isolo ya Wasukuma na omweso wa ng'ambo ya ziwa, Uganda, ni ndugu zake lakini zina taratibu zake. Ukishapata programu yenye safu nne, tazama kete zinavyoanza. Kila shimo likiwa na kete mbili, hilo ni bao la kujifunza. Bao la Kiswahili huanza na kete sita kwenye nyumba, yaani lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo kulia kwake, na 22 zikiwa mkononi kwa ajili ya namua, hatua ya kwanza ambapo kete huingizwa ubaoni moja moja. Anayelijua la pili akipewa la kwanza ataona kwamba nusu ya mchezo imeibwa, na kweli imeibwa.

Programu ikikataa mwendo wako, mara nyingi ni kwa sababu kuna mahali unaweza kula, na penye kula hairuhusiwi kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Kete zikisimama kwenye nyumba na skrini ikabaki kimya, usiseme imeganda: mchezaji ana hiari ya kusafiri na nyumba au kuishia hapo, na programu inakusubiri uchague. Gusa nyumba yenyewe, kisha gusa pembeni yake, utaona ipi inaitikia.

Dalili ya mwisho huwatisha watu kuliko zote: kete zinazunguka, zinazunguka, na hazisimami. Imethibitishwa kwamba katika bao upo mwendo unaoweza kuendelea bila kikomo, kwa hiyo programu inaweza kuwa inafuata kanuni kwa uaminifu kamili. Ili kutofautisha, tazama idadi ya kete kwenye shimo moja la kichwa, yaani la mwisho pembeni mwa safu ya mbele. Ikiwa namba inabadilika na kurudi ilikokuwa kwa mzunguko ule ule, ni mwendo usiokwisha. Ikiwa namba haibadiliki hata kidogo huku picha ya kete ikicheza, programu imeganda kweli na lazima ufunge. Bangoni kwetu tumeandika, kabla ya ada ya kushiriki, kwamba mwendo ukizidi dakika tatu kwa saa ya ukutani zamu hurudishwa nyuma, na aliyeicheza huanza na shimo jingine.